Mke wa Kundi la Kuku

Geti la nyumba ya binti yangu hapa Kawajense, Mpanda mjini, ni la bati jeusi, na ufunguo wake ulikuwa shingoni mwa mjukuu wangu, umefungwa kwa utepe. Mjukuu alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri. Anasubiri nini, hata yeye hakujua vizuri. Mama yake akitoka asubuhi kwenda sokoni kuuza vitenge alimwachia neno lilelile: "Bibi asitoke." Hakuniambia mimi, ingawa nilikuwa nimekaa hapohapo na kikombe changu cha chai. Alimwambia mtoto, kama mtu anavyoagiza mbuzi wasiingie kwenye mahindi.

Sababu alikuwa nayo, sisemi hakuwa nayo. Mwezi wa saba nilitoka peke yangu kwenda stendi kutafuta gari la kwenda kijijini Mamba. Goti likanigomea njiani. Nikakaa ukingoni mwa mtaro, jua likanipiga mpaka nikaanza kuongea na mume wangu, na mume wangu ni marehemu. Binti yangu alinikuta nimezungukwa na watu, kiatu kimoja sina. Tangu siku hiyo geti likapata kufuli.

Mamba ndiko kwangu. Kule nina nyumba ya tofali bichi, imeezekwa nyasi, na nyuma yake kuna kaburi la mume wangu. Mlango niliufunga mwenyewe siku waliyonileta huku kutibiwa goti, na ufunguo ninao mpaka leo, nimeupiga fundo kwenye pindo la kanga. Mwezi wa tisa jirani akapiga simu: upepo umefumua paa upande mzima wa chumbani. Nyumba ya tofali bichi jua haliiwezi, ila maji yakiingia kwa juu, kuta zinarudi kuwa udongo kwa msimu mmoja tu wa mvua. Na mvua kwetu zinaanza mwezi wa kumi na moja.

Nilimwambia binti yangu anipeleke, nikasimamie watu waezeke, nirudi.

"Iache tu ianguke, Mama," akasema. "Una nani kule?"

"Nina nyumba."

"Nyumba siyo mtu."

Nilijua nyumba ile ikianguka hakutakuwa na kule tena. Nitakuwa mtu wa hapa, wa geti hili, mpaka siku ya kubebwa.

Basi tukakaa, mimi na mjukuu, mfungwa na mlinzi wake, na mlinzi naye hana pa kwenda. Asubuhi tunachambua mchele. Mchana tunalala kidogo, joto la mwezi wa kumi unalijua. Jioni yeye anashika simu yake na kuanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?" nikamuuliza siku moja.

"Kundi la kuku, Bibi."

Nikadhani anacheka kuku. Kumbe ni vijana wa huku na huku, wa Mpanda mjini, wa Sibwesa, wa Mamba, wamejikusanya humo kwenye simu kwa ajili ya ufugaji. Mmoja kuku wake wakipata kideri anauliza, mwingine anajibu chanjo inapatikana wapi. Kiongozi wao, wanamwita admini, ni binti wa Sibwesa, mkali kama mwalimu wa zamu. Sheria yake ilikuwa moja: mchana ni kuku tu, atakayeleta habari nyingine anatolewa, ikifika saa kumi jioni, soga ruksa.

Na hizo soga sasa! Nilitegemea vijana wakikaa pamoja wataongea kazi, wataongea kuoa. Wapi. Siku ya kwanza mjukuu aliponisomea, walikuwa wanabishana kama samaki hulala. Siku ya pili, kama mtu akizaliwa kwenye basi linalotembea, kwao ni wapi. Walibishania swali hilo mpaka jua likazama, wengine wakakasirika kabisa. Nilicheka, jamani. Muda mrefu ulikuwa umepita sijacheka ndani ya ukuta ule.

Nikasema, nikidhani nasema na mjukuu tu: "Waambie hao waume zangu, mtoto wa kwenye basi kwao ni kwa kondakta."

Yule mtoto alikuwa ameminya simu imeshika sauti yangu. Akairusha kwenye kundi.

Dakika moja haikupita, simu ikaanza kulia mfululizo kama mashine ya kusaga. "Nani huyo?" "Bibi katisha!" "Nakufa mimi." Halafu ikaja sauti ya kijana mmoja, nzito, ya taratibu, lafudhi ya kwetu kabisa: "Mke wangu, shikamoo. Unaishi wapi nije na mahari?"

"Marahaba, mume wangu," nikamjibu. "Mahari gani, na wewe kuku wako wanakufa kila wiki?"

Ndivyo nilivyoolewa na kundi zima. Wavulana wote wakawa waume zangu, wasichana wote wakawa wake wenzangu. Huo utani wa bibi na wajukuu sikuuanzisha mimi, nilikuta bibi yangu anautumia. Ikifika saa kumi walikuwa hawaanzi mpaka wasikie sauti yangu. "Mke mkubwa amefika? Haya, tuendelee."

Nilichofanya mimi ni kuwauliza majina. Kwenye simu wanajiita vitu vya ajabu, mwingine simba, mwingine bosi, mwingine kajiita jina la gari. Nikawa namwuliza mmoja mmoja: wewe ni wa nani? Babu yako nani? Wanajibu wakicheka, mimi naweka. Sina elimu, niliishia darasa la pili, na haya ninayaandika kwenye daftari la mjukuu alilobakiza kurasa, polepole, neno kwa neno. Lakini jina likiingia kichwani kwangu halitoki. Ninawajua wote mpaka leo, jina la kubatizwa, la baba na la babu, na sitalitaja hata moja hapa, kwa sababu mtakayoiona mbele.

Yule mwenye sauti nzito alikuwa wa Mamba. Nilipopata jina la babu yake nilimwomba alirudie. Babu yake alifyatua matofali pamoja na mume wangu. Nyumba yangu ile aliiinua yeye upande wa mashariki.

Nikaona hapa ndipo pa kutokea.

Jioni hiyo nikamwambia mjukuu ashike sauti yangu. Nikasema: "Mume wangu wa Mamba, njoo unichukue. Nimefungiwa huku kama kuku anayeatamia. Nyumba yangu inaharibika."

Wakacheka! Kicheko kilichotoka mle ndani sikukitarajia. "Mke anatoroka!" "Bibi anataka fungate!" Yeye mwenyewe wa Mamba akasema: "Nakuja na pikipiki, mke wangu, funga mizigo, kaa mguu nje." Mmoja akatafuta picha ya kuku aliyefunikwa na tenga, anachungulia kwenye matundu, akaandika juu yake BIBI. Kila mtu akawa anaituma. Mtu akichelewa kujibu anatumiwa kuku wa kwenye tenga. Mtu akiitwa na mama yake kuchota maji anatumiwa kuku wa kwenye tenga.

Nikarudia kesho yake. Nikarudia kesho kutwa. Nilisema paa limefumuka, nikasema mvua zinakuja, nikasema kwa sauti ya unyonge kabisa. Kila nilichosema kilirudi kicheko.

"Lakini Bibi," mjukuu akaniambia, "si wewe unaanza na 'mume wangu'? Watajuaje?"

Nilimwangalia. Mtoto alisema kweli. Nilikuwa nimejenga ukuta wa pili kwa mdomo wangu mwenyewe, na huu haukuwa hata na geti.

"Wewe si unajua siyo utani," nikamwambia. "Na ufunguo unao shingoni."

Akaushika ule ufunguo, akaangalia chini. "Mama ataniua, Bibi. Na wewe ukianguka tena?" Halafu akaanza kulia, ikabidi nimbembeleze mimi niliyefungiwa.

Siku zikaenda. Mawingu ya kwanza yalipanda siku ya Jumatano, upande wa ziwani, mchana. Hayakunyesha, yalipita tu, lakini harufu ya udongo ikaja na upepo kutoka mbali. Mahali fulani ilikuwa imenyesha. Nikakaa kitandani nimeshika pindo la kanga, naiona nyumba yangu jinsi maji yanavyoanzia pembeni ya kitanda, yanatafuna ukuta kwa chini.

Hapo nikakumbuka jambo. Sisi tulivyolelewa, mke hamtaji mume wake jina. Mimi nilikaa na mume wangu maisha yote sikuwahi kumwita jina lake. Nilimwita baba wa mtoto wetu wa kwanza. Na bibi akitaniana na mjukuu, jina analiweka pembeni, ni mume wangu tu, mume wangu. Jina la mtu, lote zima, na la baba yake na la babu yake, nililisikia likitajwa mahali pawili: mtu akiitwa mbele ya wazee kujibu neno, na mtu akizikwa.

Saa kumi ilipofika walikuwa na kesi kubwa. Kati ya chapati na maandazi, kimoja kifutwe duniani, kibaki kimoja. Kundi limegawanyika nusu kwa nusu.

"Andazi ni upepo uliofungiwa ndani ya unga," anasema mmoja.

"Chapati unaila ukiwa na mgeni, wewe mgeni unamuona mara ngapi?"

"Oyaa, mnamtukana mama yangu, anauza maandazi!"

"Mke mkubwa aamue! Bibi, kura yako."

Nikamwambia mjukuu: "Nipe hiyo simu. Nioneshe tu pa kubonyeza."

Nikabonyeza mwenyewe. Sikusema mume wangu. Nikataja jina la yule kijana wa Mamba, la ubatizo. Nikataja jina la baba yake. Nikataja jina la babu yake, nikasema na la babu wa babu yake, kwa kuwa nalo ninalo. Nikasema: "Ninakuita wewe. Mimi ni mjane wa," na hapo nikataja jina la mume wangu, mara ya kwanza kulitoa mdomoni tangu nizaliwe. Ulimi ulikuwa mzito kama nimekula kitu kichungu. "Ukuta wa mashariki wa nyumba yangu aliujenga babu yako. Paa limefumuka. Mvua ikinyesha, ukuta aliouinua babu yako utalala chini. Mimi siwezi kutoka nilipo. Hakuna ninachotania."

Nikaachia kidole.

Mjukuu akashika simu. Nikamwona anangojea. "Wamesikiliza wote," akasema taratibu. "Alama zimekuwa za bluu."

"Wanacheka?"

"Hakuna anayecheka, Bibi."

Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko ubishi wote wa chapati. Halafu admini akaandika: "Soga zimefungwa leo." Baadaye kidogo ikaja sauti ya kijana wa Mamba, na safari hii haikuwa na madoido. "Bibi," akasema. Bibi, siyo mke wangu. "Nimesikia."

Hilo tu.

Sasa sikujua kwamba mama mzazi wa mmoja wa vijana wa kundi ana meza sokoni, jirani na meza ya binti yangu. Kesho yake binti yangu alirudi mapema. Hakuvua hata viatu.

"Mama, umenianika."

"Nimekuanika nini?"

"Mwanamke mwenzangu ananiuliza mbele ya wateja, eti kweli umemfungia mama yako? Mbele ya wateja! Mimi ninayekukanda goti kwa maji ya moto kila jioni, mimi ni wa kusemwa na watoto wa watu kwenye simu?"

"Nimesema siwezi kutoka. Ninaweza?"

Akageuka akamfuata mtoto. "Na wewe! Lete hiyo simu." Akaitupa kwenye pochi yake, akafunga zipu. Halafu akarudi kwangu, sauti imeshuka, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyoniumiza. "Mama. Nilikukuta kwenye mtaro. Ulikuwa unaongea na Baba. Hukunijua. Uliniambia, 'Dada, naomba maji.' Unajua uliniita dada?"

Hilo sikulijua. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Siku tatu zikapita bila kundi. Ufunguo wa geti akauchukua yeye mwenyewe, utepe ukabaki kwenye msumari. Kuanzia hapo tulikuwa wafungwa wawili wa sawasawa. Mjukuu hakunilaumu, ila jioni saa kumi ikifika alikuwa anaangalia mkono wake mtupu. Mawingu yakapanda kila mchana, meusi zaidi kila siku, mimi nayahesabu kama mgonjwa anavyohesabu hatua za daktari. Nilijiuliza kama yule kijana alisema amesikia kwa maana ya kusikia tu.

Jumapili tulitoka misani, sisi watatu, binti yangu amenishika mkono njia nzima, kanishika vizuri, lakini kanishika. Nyumbani akafungua pochi kutafuta ufunguo wa geti. Simu ya mtoto ilikuwa inatetemeka mle ndani bila kukoma. Akaitoa kwa hasira aizime. Akaangalia. Hakuizima.

Aliingia ndani akakaa mezani na kilemba chake kichwani, anaangalia ile simu. Nikasikia sauti za watu mle ndani, na panga linakata, na mtu anacheka, "Wewe, kamba hiyo imelegea, paa litamwangukia bibi yetu!" Nikasogea nyuma ya kiti chake.

Ilikuwa nyumba yangu.

Walikuwa vijana sita, wengine wametoka Sibwesa na pikipiki, na admini mwenyewe yupo, mwembamba kumbe, na ule ukali wote, kajifunga kitenge anapitisha mafungu ya nyasi juu. Yule wa Mamba ndiye aliyeshika simu. Nyasi mpya zilikuwa njano, zimekaa sawa kama nywele zilizochanwa. Akazunguka upande wa mashariki, akapapasa ukuta kwa kiganja. Akazunguka nyuma. Walikuwa wamelima majani kaburini, wamepanga mawe upya kuzunguka.

Binti yangu akaweka mkono mdomoni. Aliyelala pale ni baba yake.

Mwisho kijana akafika mlangoni, akatikisa kufuli. "Bibi, hapa ndani hatukuingia. Ufunguo unao wewe. Hatujavunja."

Binti yangu aliirudia picha ile tena na tena. Mara ya mwisho hakuangalia paa wala kaburi, aliangalia ule mlango. Halafu, bila kunigeukia, akanyoosha mkono nyuma.

"Nipe ufunguo, Mama. Nitamkabidhi dereva wa basi kesho. Wafungue waangalie na ndani, vitu visije kuoza."

Kilikuwa kitu cha busara. Nilishika fundo la kanga, nikahisi vidole vyangu vinaanza kulifungua vyenyewe, kwa mazoea ya kutii mtu anayekupikia. Halafu nikaona: nikiutoa huu, nimemaliza. Nyumba itakuwa nzima, itafunguliwa, itafungwa, na watu wataitunza vizuri sana, na mimi sitahitajika kwenda.

"Hapana," nikasema. "Nitafungua mwenyewe."

"Mama, barabara sasa hivi…"

"Sijasema sasa hivi. Nimesema mwenyewe."

Akashusha mkono. Nje ngurumo ilipita juu ya bati. Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, haendi mbele wala nyuma.

"Mwezi wa tano," binti yangu akasema mwishowe. "Barabara ikikauka."

"Sema humo." Nikanyooshea kidole ile simu.

"Mama!"

"Sema humo, wakusikie. Na utaje jina lako. Lote."

Nilidhani atakataa. Ni mtu mzima, ana biashara, ana geti. Lakini alimtazama mwanawe, mwanawe akamwonesha pa kubonyeza. Binti yangu akasafisha koo kama mtu anayetaka kusoma somo kanisani. Akataja jina lake, la baba yake, na la babu yake. Akasema mvua zikiisha atampeleka mama yake Mamba yeye mwenyewe, na mlango atafungua mama. Akaongeza, na hilo sikumwomba: "Na ahsanteni kwa kaburi."

"Tumepokea, Mama," kijana wa Mamba akajibu. Ikafuata sauti ya admini: "Haya jamani, bado tuna kesi. Chapati au maandazi?"

Simu ikarudi kwa mjukuu. Ufunguo wa geti haukurudi kwenye utepe, bado uko kwenye pochi, na mimi bado niko huku ndani ninapoandika. Mvua zimeshika. Geti linapiga kelele za maji usiku na mchana, na mwezi wa tano uko mbali sana kwa mtu wa umri wangu. Sijui kama nitaufikia. Kuna siku kuta hizi zinanisogelea mpaka naacha kula.

Siku ya mvua kubwa ya kwanza nilingoja saa kumi ifike. Nikauliza: kwetu imenyesha?

"Imenyesha toka alfajiri," akajibu wa Mamba. "Haivuji."

"Wewe umejuaje haivuji? Mlango si umefungwa?"

"Nilienda nikaweka sikio mlangoni, mke wangu. Nimesikiliza mpaka miguu imeloa. Ndani kukavu."